Miwani ya kusoma sura za watu: je, tumnunulie mtoto wetu mwenye usonji?

*"Mwanangu wa kiume ana miaka 10 na ana usonji. Anaongea vizuri, anasoma kuwapita wenzake, lakini sura za watu hazimwambii kitu. Wiki iliyopita dada yake aliumwa jino usiku, akawa amejikunja kitandani analia. Mwanangu akamsogelea, akamtazama kidogo, akamwuliza, 'Mbona unacheka?' Dada yake akazidi kulia. Nilipomwambia kwamba analia kwa maumivu, aliondoka bila kusema neno, akarudi na blanketi lake mwenyewe, lile ambalo hamruhusu mtu yeyote kuligusa, akamfunika. Mwalimu wake anasema mtoto hana huruma, na asipojifunza kusoma sura sasa atakuja kukosa marafiki ukubwani. Baba yake ameona video ya miwani yenye kamera inayomwambia mvaaji kama aliye mbele yake amefurahi au amekasirika, na anataka tuitafute. Mimi naogopa mambo mawili: kwamba tutatupa fedha, au kwamba itafanya kazi halafu mtoto ashindwe kuishi bila hiyo. Isitoshe hapendi kitu chochote usoni, hata kofia anaivua. Tufanye nini?"*

Mama, swali lako ni la miwani, nami nitalijibu. Ila niruhusu nianze na blanketi, kwa sababu ndani ya lile blanketi kuna nusu ya jibu.

Mwalimu anasema mtoto hana huruma. Tazama tena mambo yalivyofuatana usiku ule. Alimwona dada yake hayuko katika hali ya kawaida, akamsogelea. Akauliza, japo aliuliza vibaya. Alipoambiwa kinachoendelea, akaenda kuchukua kitu anachokithamini kuliko vyote na kumpa mwenye maumivu. Mtoto asiye na huruma angerudi kwenye mchezo wake. Kutambua mwenzako anahisi nini ni jambo moja, na kuguswa na anachohisi ni jambo jingine, na kwa watu wengi wenye usonji lile la kwanza ndilo gumu, si la pili. Mwanao alikosa habari. Alipoipata, moyo wake ulifanya kazi yake papo hapo, bila kusukumwa na mtu. Nakuomba uikamate tofauti hii, maana ndiyo itakayowaonyesha mnunue nini na msinunue nini.

Sasa tuje kwenye kosa lenyewe, la kudhani kilio ni kicheko. Umeliandika kwa uchungu, kana kwamba ni kosa la ajabu. Si la ajabu. Simama mbele ya kioo uigize mtu anayeangua kicheko hadi machozi, kisha uigize anayelia kwa nguvu. Mdomo umeachama, meno yanaonekana, mashavu yamepanda, macho yamefinywa, mabega yanatikisika. Ukipiga picha ya uso peke yake, wengi wetu tutabahatisha. Mwaka 2012 jarida la Science lilichapisha utafiti wa Hillel Aviezer na wenzake uliotumia picha za wachezaji wa tenisi, zilizopigwa mara tu baada ya kushinda au kushindwa pointi kubwa. Walioonyeshwa nyuso tupu hawakuweza kutofautisha mshindi na mshindwa. Walioonyeshwa mwili bila uso waliweza. Na waliooneshwa uso pamoja na mwili waliamini kwamba wamelisoma jibu usoni, kumbe walikuwa wamelisoma mwilini.

Maana yake ni kwamba sisi tunaojiita wajuzi wa kusoma sura mara nyingi hatusomi sura. Tunasoma kila kitu kwa pamoja: ni saa ngapi, nani yuko hapa, nini kimetokea dakika tano zilizopita, sauti ikoje, mikono iko wapi. Wewe ulijua binti analia kwa sababu ulijua ana jino bovu, ulijua ni usiku, na uliona amejikunja. Uso ulikuja mwisho kuthibitisha tu.

Tukishaelewa hilo, tuitazame miwani inavyofanya kazi. Kamera yake inatafuta uso, inaukadiria kwa vipimo vya umbo na mikunjo yake: nyusi zimeinuka kiasi gani, pembe za mdomo zimevutwa wapi, macho yamefunguka vipi. Programu inalinganisha vipimo hivyo na maelfu ya picha ambazo watu walikwisha kuzipa majina, "furaha", "hasira", "mshangao", kisha inachagua jina linalokaribiana zaidi. Mawazo haya yana mizizi katika kazi za mwanasaikolojia Paul Ekman, ambaye mwaka 1978 yeye na Wallace Friesen walitoa mfumo wa kuorodhesha mienendo ya misuli ya uso, na aliyeshikilia kwamba kuna hisia chache za msingi ambazo wanadamu wote huzionyesha kwa namna moja. Ni kazi kubwa na imesaidia mengi. Ila kompyuta inapokwambia "hasira", inachokijua hasa ni kwamba misuli fulani imekaa kama ilivyokaa kwenye picha zilizoandikwa hasira. Kwamba mtu huyo *amekasirika*, hilo haijui.

Pengo kati ya hayo mawili ni pana. Mwaka 2019 Lisa Feldman Barrett na wenzake wanne walichapisha mapitio marefu ya tafiti za sura na hisia. Waliona kwamba watu wenye hasira hukunja uso chini ya mara 3 katika kila 10. Mara nyingine mwenye hasira hunyamaza, hulia, au hutabasamu kwa baridi. Na kuna watu hukunja uso kwa sababu jua linawapiga machoni au wanafikiri hesabu ngumu. Tena programu hizi hazioni nyuso zote kwa usawa. Mwaka 2018 mtafiti Lauren Rhue alizipitisha picha za wachezaji wa mpira wa kikapu wa Marekani kwenye programu mbili za kibiashara, na weusi wakasomwa kuwa na hisia mbaya zaidi kuliko weupe. Mwaka 2022 Microsoft iliamua kuacha kutoa huduma yake ya kukisia hisia kutokana na sura, na miongoni mwa sababu ilizotaja ni kwamba wataalamu hawajakubaliana hata hisia ni nini. Kama kampuni kubwa kiasi hicho imesita, nasi tunayo haki ya kusita kabla ya kumvisha mtoto kitu kitakachomnong'oneza siku nzima kwamba mwalimu wake amekasirika.

Hayo yote hayasemi kwamba miwani haina faida. Yanasema isitazamwe kama mkalimani wa mioyo ya watu. Faida yake iko kwingine.

Wazo ni la zamani kidogo. Katikati ya miaka ya 2000, Rosalind Picard na Rana el Kaliouby wa chuo cha MIT walikuwa tayari wanajaribu kifaa cha kuvaa chenye kamera ndogo, kwa nia ya kuwasaidia watu wenye usonji. (Teknolojia ile baadaye ilizaa kampuni ya Affectiva, ikaishia kupima jinsi watazamaji wanavyoyapokea matangazo ya biashara na jinsi madereva wanavyosinzia. Nalitaja hili kwa sababu kitu kikianza kwa ajili ya watoto wetu haimaanishi kitabaki kwa ajili yao.) Jaribio lililo makini zaidi ninaloweza kukuelekeza ni la chuo cha Stanford, lililoongozwa na Dennis Wall na wenzake, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2019 katika jarida la JAMA Pediatrics. Walitumia miwani ya Google Glass iliyounganishwa na simu. Mtoto akimtazama mtu, kisanduku cha kijani kinamwonyesha kwamba uso umeonekana, kisha kikatuni cha sura au sauti inataja mojawapo ya hisia nane. Kulikuwa na michezo pia: mmoja mtoto anabahatisha mzazi ameigiza hisia gani, mwingine anajaribu kumfanya mzazi atabasamu.

Watoto walikuwa 71, wa miaka 6 hadi 12, wote tayari wakipata tiba ya tabia. Kwa kura, 40 walipewa miwani na 31 waliendelea na tiba yao ya kawaida. Waliopewa waliivaa dakika 20 kwa wakati mmoja, mara 4 kwa wiki, kwa wiki 6. Mwishoni, kipimo cha maisha ya kijamii kinachojazwa kwa maelezo ya wazazi kilionyesha watoto wa miwani wamepanda zaidi ya wenzao kwa takriban pointi 4.6, na tofauti hiyo haikuwa ya bahati. Lakini vipimo vingine vitatu vikuu, vikiwemo vile vya kumpima mtoto mwenyewe kama anatambua hisia usoni, vilielekea upande mzuri bila kufikia kiwango cha kuaminika.

Mimi nayasoma hivi. Wazazi walijua nani ana miwani, na mzazi mwenye matumaini huona maendeleo, si kwa kudanganya bali kwa sababu sasa anatazama kwa makini. Pia fikiria kilichoingia katika nyumba zile: mara nne kwa wiki, mzazi na mtoto wanakaa dakika 20 wakitazamana, wakicheza, wakizitaja hisia kwa majina. Nina hakika sehemu kubwa ya faida ilitoka hapo, na hiyo sehemu haihitaji kamera. Miwani iliwapa sababu ya kukaa, ikamfanya mtoto aone kazi ngumu kuwa mchezo. Hilo si dogo. Kwa mtoto anayependa mashine, inaweza kuwa mlango mzuri.

Kuhusu hofu yako ya mtoto kuitegemea: watafiti wale walikusudia iwe chombo cha kufundishia, kinavaliwa kwa muda mfupi na kuvuliwa. Ikitumika hivyo, sioni hatari kubwa ya utegemezi. Ninachokiogopa zaidi ni kinyume chake, kwamba alichojifunza kwenye mchezo wa sebuleni kitabaki sebuleni. Watoto wengi wenye usonji hujifunza jambo vizuri mahali pamoja na kushindwa kulihamisha. Anaweza kupata kumi juu ya kumi kwenye kadi za sura, halafu uwanjani, mahali ambapo sura hubadilika kabla hujapepesa jicho na watoto sita wanaongea kwa mpigo, asione chochote.

Na kuhusu fedha: tangu Machi 2023 Google haiuzi tena Google Glass, kwa hiyo kifaa kilichojaribiwa ndicho hicho ambacho hakiko dukani. Mkikuta miwani nyingine inayodai kufanya kazi ileile, ulizeni maswali haya kabla ya kutoa hata senti. Imejaribiwa kwa watoto wangapi, na nani aliyelipia jaribio? Picha inayopigwa inachakatwa ndani ya kifaa au inapelekwa kwenye kompyuta za kampuni? Inahifadhiwa kwa muda gani? Muuzaji anayesema "inatibu usonji", muage. Usonji si maradhi ya kutibiwa na miwani, na anayelisema hilo ama haujui usonji au anajua kwamba wewe una hofu.

Kumbuka pia kwamba kamera iliyo usoni mwa mwanao inawatazama watoto wa watu. Shuleni hilo ni jambo zito. Umoja wa Ulaya, kwa sheria yake ya akili bandia ambayo makatazo yake ya kwanza yalianza Februari 2025, umepiga marufuku mifumo ya kukisia hisia za watu shuleni na kazini, isipokuwa kwa sababu za kitabibu au za usalama. Hata mahali pasipo na sheria kama hiyo, miwani ya namna hii mimi ningeiacha nyumbani.

Halafu kuna hili la kofia. Umeliandika mwishoni kama nyongeza, lakini kwangu lingekuja mwanzoni kabisa. Mtoto anayevua kofia anakwambia ngozi yake inapokea mguso kwa ukali kuliko yako. Miwani ile huminya masikio, huelemea pua, hupata joto ikifanya kazi muda mrefu, na huweka kitu kinachong'aa pembeni ya jicho. Kabla ya yote tafuteni fremu tupu ya miwani ya kawaida, isiyo na vioo, muone kama anaweza kuivaa dakika 5, halafu 10, halafu 20, siku kadhaa, huku akifanya kitu anachokipenda. Akiivua, msimrudishie. Mtakuwa mmepata jibu bila gharama yoyote.

Yapo mambo mengine yanayoufanya uso kuwa mgumu kwake, ambayo hakuna miwani inayoyagusa. Kwa watu wengi wenye usonji, kutazama macho ya mtu si kukosa hamu tu, kunachosha na hata kunaumiza. Utafiti wa Nouchine Hadjikhani na wenzake wa mwaka 2017 ulionyesha kwamba wakielekezwa kutazama machoni, sehemu za ndani za ubongo zinazoshughulika na tahadhari huwaka kupita kiasi. Kumlazimisha "nitazame ninapoongea nawe" kunaweza kumnyima hata kile ambacho angekisikia. Wengine wana kile kinachoitwa aleksithimia, yaani ugumu wa kuzitambua na kuzitaja hisia zao wenyewe. Karibu nusu ya watu wenye usonji wanayo, na kuna wasio na usonji wanaoiishi pia. Mtu asiyejua kama mshindo wa moyo wake ni hofu au furaha atayajuaje yaliyo kwa mwenzake? Kwa mtoto wa aina hiyo, kazi inaanzia tumboni na kifuani mwake, si usoni kwa watu. Muulize mwanao, akiwa ametulia, "mwili wako ulikuwaje pale ulipokasirika jana?" Akijibu kwa maneno ya mwili, mikono ilikuwa moto, tumbo lilijifunga, mna pa kuanzia. Akisema "sijui" kila mara, hapo napo mmejua kitu.

Tena mzigo huu si wa mwanao peke yake. Damian Milton, mtafiti ambaye mwenyewe ana usonji, aliandika mwaka 2012 kwamba kutoelewana huku kuna pande mbili: wenye usonji hawatusomi vizuri, na sisi hatuwasomi wao. Utafiti wa mwaka 2016 wa Rebecca Brewer na wenzake uliunga mkono upande huo wa pili, kwani sura zilizofanywa na watu wenye usonji zilikuwa ngumu zaidi kutambulika. Hakuna anayemtafutia mwalimu miwani ya kumsomea mwanao, ingawa mwalimu ndiye mtu mzima.

Basi ningekuwa mimi nyumbani kwenu, ningeanza hivi. Waambie wote ndani ya nyumba waseme hisia zao kwa mdomo, pamoja na sababu. Dada mtu aseme, "Nalia, jino linauma, nataka ukae hapa kimya." Baba aseme, "Nimechoka, sijakukasirikia." Mwanzoni mtajisikia kama mnaigiza, baada ya wiki chache inakuwa mazoea. Kijana naye mfundisheni swali litakalomfaa maisha yake yote: "Sijui unahisi nini, niambie." Swali hilo ni bora kuliko kamera yoyote, kwa kuwa jibu linatoka kwa mwenye hisia. Na mnapotazama filamu pamoja, isimamisheni kidogo, lakini msiulize "sura hii ni ya nini?" Ulizeni "nini kimetokea kabla ya hapa, na wewe ungekuwa yeye ungetaka nini?" Mnamfundisha kusoma tukio lote, kama wewe ulivyolisoma lile la usiku wa jino.

Baada ya hapo, kama fremu tupu ameizoea na *yeye mwenyewe* anaitaka, miwani ya mafunzo chini ya mtaalamu inaweza kuongezwa, nyumbani, kwa dakika chache, na kwa kipindi chenye mwisho. Naomba aulizwe kabla ya kununuliwa. Ana miaka 10, anasoma, anaongea, na ni uso wake utakaovaa kitu hicho. Akisema hataki, hilo nalo mliheshimu kama mngeliheshimu kwa mtu mzima.

Msingoje jaribio lolote iwapo ameanza kupoteza alichokuwa anakiweza, awe ni usemi, kucheza au kujihudumia, au ana vipindi vya kuduwaa asiitike hata akiguswa. Hapo aonwe na daktari wa watoto upesi. Vivyo hivyo akianza kujiumiza, kukataa shule kabisa, kutolala, au kusema hataki kuishi. Watoto wenye usonji wanaoshinda siku nzima wakiuficha usonji wao na kuiga wenzao wako katika hatari kubwa ya sonona, na maneno ya namna hiyo yachukuliwe kwa uzito siku hiyohiyo. Pasipo dharura, bado ningemtaka apimwe macho na masikio. Vilevile mchunguze kama huwa anashindwa kumtambua mtu anayemfahamu akibadili nguo au mtindo wa nywele, kwani kuna upofu wa nyuso, na huo una njia zake. Mtaalamu wa usemi na mawasiliano au mwanasaikolojia wa watoto ataweza kutenganisha yote haya kwa kukaa naye ana kwa ana, jambo ambalo mimi siwezi kulifanya kwa barua.

Siku mtakayokwenda, mpelekee kisa cha blanketi kama ulivyoniandikia mimi, neno kwa neno, na mwalimu naye mpe nakala.